Wimbi la Ziwani Nasi wa Milimani

Sisi wa Kasulu na Kibondo hatuna ufukwe, lakini ziwa haliko mbali nasi. Dagaa wa sokoni hutoka Tanganyika, na vijana wa familia zetu huteremka huko kuvua. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga walivushwa kwa mashua hadi MV Liemba, iliyotia nanga mbali na nchi kavu kwa kukosa gati; ndipo wakafika Kigoma na kupandishwa Nyarugusu. Tunakitafakari kipande kile kifupi cha maji.

Leo kompyuta huweza kuiga mawimbi. Modeli ya SWAN, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, hugawa maji katika miraba, hupewa upepo na kina, kisha hukokotoa kimo cha wimbi. Karibu na nchi kavu wimbi huhisi sakafu ya ziwa: hupunguza mwendo, huinuka, huvunjika. Hapo, modeli isiyo na vipimo vya kina hubahatisha, hata picha zake zikipendeza. Na ufukwe wenyewe haukutulia: kuanzia 2020 ziwa lilipanda likameza makazi, nao Malagarasi, unaopokea maji ya nyanda zetu, humwaga tope lake ziwani.

Kwa maoni yetu, utabiri wa ziwa zima hautoshi. Kwanza ipite mashua yenye kipima kina, mwalo kwa mwalo, pamoja na wavuvi wazee wanaojua wimbi huvunjikia wapi. Kisha taarifa ifike mwaloni jioni, kabla taa za kuvulia hazijawashwa.