Kabla Mama Hajatia Sahihi Fomu ya Kaboni

Juzi mama alinipigia simu kutoka Ikonge. Jamaa fulani alikuwa amepita sokoni na fomu, eti wakulima watalipwa pesa ya kaboni. "Wewe ndiye ulifika koleji. Nitie sahihi ama niache?" Koleji yenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini ningemwambiaje?

Ilibidi nisome. Soma na wewe, maana simu kama hiyo itakufikia.

Wazo lenyewe si uongo. Mmea huvuta hewa ya ukaa, na majani na mizizi ikioza, sehemu ya kaboni hubaki udongoni. Ukipindua udongo kila msimu na kuchoma mabua, inarudi hewani. Ukifunga ng'ombe mahali pamoja hadi nyasi iishe, mizizi inakufa na mvua inabeba udongo.

Shida ni hesabu. Mradi wa Vi Agroforestry huku magharibi mwa Kenya, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulipata hati zake za kwanza za kaboni Januari 2014: tani 24,788. Gawanya kwa makumi ya maelfu ya wakulima. Haifiki hata tani mbili kwa mtu! Hiyo ni pesa ya bando, si ya karo. Kilichowafaa zaidi ni mahindi kuongezeka.

Na kule Isiolo, Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili, moja ikiwa ndani ya mradi wa kaboni ya malisho, ziliundwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo.

Kwa hivyo nilimwambia mama asubiri, kwanza aulize. Mkataba ni wa miaka mingapi? Nani anapima udongo? Na tukigawana shamba je? Letu ni nusu ekari, na tuko ndugu watatu. Siku ya soko aliuliza. Hilo la mwisho jamaa alilikwepa.

Fomu bado iko kabatini, lakini kazi imeanza. Mabua hayachomwi, yanatandazwa katikati ya mistari. Ng'ombe anakatiwa nepia akiwa bomani, na samadi yote inarudi shambani. Hiyo haihitaji sahihi ya mtu.

Sisi wa mjini tunadhani kazi yetu ni kutuma pesa ya mbolea tu. Msimu huu, kabla hujatuma, piga simu nyumbani uulize: mabua yalienda wapi?