Kutoka Mahenge hadi Nachingwea: Kijana wa madini, hela mkononi na polisi wa mjini

Juni 23, 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu maofisa wawili wa polisi kunyongwa hadi kufa kwa mauaji ya kijana wa miaka 25 kutoka Nachingwea. Wenzao watano walioshtakiwa pamoja nao wakaachiwa huru. Habari ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp siku mbili tatu, watu wakabishana, kisha ikaja habari nyingine.

Nachingwea na Ruangwa haijapita kirahisi hivyo. Yule kijana alikuwa anauza madini, na huku karibu kila mtaa una kijana wa namna yake: leo yuko machimboni Namungo, kesho anauza kidogo alichopata, keshokutwa yuko kwenye basi anaelekea Masasi au Mtwara na hela mfukoni kutafuta vifaa, pikipiki au mteja mkubwa zaidi.

Kesi yenyewe ilivyoelezwa na upande wa mashtaka inasikitisha kwa wepesi wake. Oktoba 2021 kijana alikuwa Mtwara, kwenye nyumba ya kulala wageni. Polisi wakampekua na kuchukua fedha zake, zaidi ya Sh30 milioni. Akaachiwa. Akaanza kufuatilia hela yake, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Januari 5, 2022 akarudi tena Mtwara kuidai. Hakurudi nyumbani. Ndugu wakaanza kuuliza, na kabla mwezi haujaisha Polisi wenyewe wakatangaza kwamba wanawashikilia askari wao. Mmoja wa waliokamatwa akakutwa amekufa akiwa mahabusu, na maelezo ya Polisi yakawa amejinyonga.

Sasa rudi nyuma miaka 16.

Januari 2006, Dar es Salaam

Januari 14, 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, waliuawa Dar es Salaam pamoja na dereva teksi aliyekuwa anawaendesha. Taarifa ya kwanza ya Polisi ilisema ni majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi. Jiji lilikuwa kwenye hofu kubwa ya ujambazi wa kutumia silaha, kwa hiyo wengi waliisikia na kuikubali.

Ndugu zao hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa hajamaliza hata mwezi Ikulu siku mauaji yanatokea, aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikabaini hawakuwa majambazi. Waliokamatwa ni askari, akiwemo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam.

Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia washtakiwa, akasema wauaji halisi watafutwe. Serikali ikakata rufaa, ikakwama kwa kasoro za kisheria, ikarudi tena. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe na wengine wakabaki huru.

Zaidi ya miaka 10 kupata hatia moja. Kesi ya Mtwara ilichukua takriban miaka mitatu na nusu. Ukitaka kuwa mkarimu utasema tumesogea. Ila ukiziweka kesi mbili meza moja, zinatisha kwa kufanana: mtu wa madini kutoka wilayani, mji asioujua vizuri, hela taslimu, tuhuma ya uhalifu inayobandikwa haraka, na ndugu waliokataa kunyamaza. Hicho cha mwisho ndicho kilichofungua kesi zote mbili. Najiuliza ni wangapi ambao ndugu zao walinyamaza.

Mtu wa kusini machoni pa askari wa mjini

Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa na Waingereza mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, kisha yakahamia Dar es Salaam mwaka 1930. Lilirithi kazi ya ukoloni: kulinda utulivu wa mtawala na kuhakikisha Mwafrika asiye na kazi inayotambulika haozoei mjini. Kulikuwa na sheria za kuwarudisha makwao waliohesabiwa kuwa hawatakiwi.

Uhuru haukuiua tabia hiyo. Mwaka 1983 ilikuja operesheni Nguvu Kazi. Ukikamatwa Dar huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa gari unapelekwa kijijini kulima. Na hapa watu wa Lindi wanaingia kwenye hadithi moja kwa moja, maana neno "machinga" tunalolitumia kwa kila mchuuzi wa barabarani linahusishwa na Wamachinga, kabila la mkoa huu. Vijana wa kusini walikwenda Dar kuuza bidhaa mkononi, na jina la kwao likageuka jina la mtu wa kufukuzwa na mgambo. (Desemba 2016 Rais Magufuli alizuia kuwafukuza ovyo, baadaye vikaja vitambulisho vya Sh20,000, na mwaka 2021 wakahamishwa tena. Hiyo ni makala nyingine.)

Ninachosema ni kwamba kijana mwenye lafudhi ya kusini na hela nyingi mfukoni amezoeleka kuulizwa swali moja: umeitoa wapi?

Tatizo liko kwenye hela taslimu

Linganisha na korosho. RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinauza kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani na mkulima analipwa kwa akaunti. Mfumo una lawama zake, tunazijua: malipo kuchelewa, makato, kangomba wanaonunua mapema kwa bei ya kutupa. Lakini hela ya korosho ina karatasi. Ikipotea, kuna pa kuanzia.

Hela ya madini mara nyingi haina. Masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019, ambako muuzaji anapata nyaraka. Wachimbaji wadogo wengi bado wanauziana pembeni, kwa sababu ni haraka na hakuna tozo. Ukiuza pembeni leo, kesho ukishikwa na milioni 20 huna cha kumwonyesha askari. Askari mwaminifu atakushuku. Asiye mwaminifu ameshakuelewa kwamba huna pa kwenda kulalamika.

Sheria yenyewe ipo upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka afisa anayechukua mali katika upekuzi atoe stakabadhi ya alichochukua, isainiwe na mwenye mali na mashahidi. Hela zikihesabiwa, zihesabiwe mbele ya mtu, ziandikwe ni kiasi gani. Upekuzi kwenye nyumba ya wageni, mhudumu wa mapokezi anafaa kabisa kuwa shahidi. Najua kusema hivi ni rahisi ukiwa nyuma ya kompyuta; saa nne usiku mlango unagongwa ni jambo jingine. Ndiyo maana ni muhimu pia mtu wa nyumbani ajue umelala wapi na umebeba nini.

Nani anamchunguza polisi?

Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alilizungumzia tukio la Mtwara hadharani na kuhoji inakuwaje Jeshi la Polisi lituhumiwe kuua halafu lijichunguze lenyewe. Kazi ya kuunda timu nyingine akapewa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye alikuwa mbunge wa Ruangwa. Yaani suala lilikuwa la jirani zake.

Baadaye ikaja Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, iliyozinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huo. Ilipendekeza upelelezi uwe na chombo chake, nje ya Polisi. Upande wa Polisi, wakaguzi walipelekwa kwenye kata ili wananchi wawe na askari wanayemjua kwa jina. Huku kwetu hilo linasaidia kwenye wizi wa kuku, mifugo na ugomvi wa mashamba.

Lakini kijana wa Nachingwea hakuuawa katani kwake. Alikuwa mjini, ambako hakuna askari anayemjua. Alikokwenda kulalamika ndiko walikokuwa aliowalalamikia, na hadi leo mtu akichukuliwa hela yake na polisi wa Mtwara au Dar, mlango wa kwanza anaoelekezwa kugonga ni kituo cha polisi.