Mwenye Usonji Hukua

Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji, twasikia mengi juu ya watoto. Ni jambo jema. Lakini mtoto hukua. Donald Triplett wa Marekani, wa kwanza miongoni mwa watoto 11 ambao Dakta Leo Kanner aliwaeleza mwaka 1943, alifariki mwaka 2023 akiwa mzee wa miaka 89. Usonji haukumwacha alipoota ndevu, wala hautawaacha vijana wetu wa Shinyanga.

Hebu tumfikirie kijana wa Didia mwenye umri wa miaka 30, asiyesema maneno mengi. Jino lamwuma. Hawezi kulitaja, hujigonga kichwa ukutani na kukataa chakula. Majirani wanong'ona kwamba amerogwa. Mama yake ampeleka zahanati. Huko foleni ni ndefu, watoto walia, majina yaitwa kwa sauti kubwa, na mtu asiyemjua amshika taya bila ya kumwambia neno. Kijana apiga kelele na kukimbilia nje. Watu wasema ni kichaa, naye arudi nyumbani na jino lake.

Hatusemi haya ili kuwalaumu waganga na wauguzi, ambao twajua uzito wa kazi yao. Twasema kwamba kudhani kila tendo la mtu huyu latokana na usonji ni kosa la hatari. Naye huugua malaria na vidonda vya tumbo kama sisi sote, na kifafa huwapata wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, au Bugando kule Mwanza, hukutana na nyuso mpya na maswali yale yale.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki yao ya kutibiwa. Uingereza ilitunga mwaka 2009 sheria mahususi kwa ajili ya watu wazima wenye usonji, na mwaka 2022 ikaagiza watumishi wa afya wafundishwe juu ya hali hiyo. Nasi hatuna budi kuyaingiza mafunzo hayo katika vyuo vyetu vya uuguzi na utabibu.

Lakini yapo yasiyongoja bajeti. Mgonjwa wa namna hii aruhusiwe kungoja chini ya mti, na aitwe mapema. Mganga amweleze atakalofanya kabla ya kumgusa, kwa maneno machache na bila ya haraka. Na familia iandike katika karatasi moja jinsi anavyoonyesha maumivu, anachokiogopa, na dawa anazotumia. Karatasi hiyo iambatane na cheti chake kila aendako.

Karatasi hiyo si jambo dogo. Leo mama ndiye ulimi wa mwanawe: ajua kwamba kimya hiki ni njaa na kimya kile ni homa. Mama huyo azeeka. Siku atakapotutoka, elimu yote hiyo itazikwa pamoja naye, isipokuwa kama sisi tutakuwa tumejifunza kwake mapema. Tuanze kumwuliza sasa.