Likizo ng'ambo ya mpaka: bahari au mlima?

Zamani mtu wa Oltepesi akikuambia kwamba anavuka mpaka kwenda Tanzania, hukuwa na haja ya kumwuliza zaidi. Alikuwa anakwenda kununua ng'ombe, kumsalimu shemeji, au kutafuta malisho baada ya mvua kukosa. Siku hizi limezuka jambo jingine. Shule zinapofungwa, yuko mwalimu, yuko mfanyabiashara wa Kitengela, yuko hata mfugaji aliyeuza madume mawili, ambao wanataka kuwapeleka mke na watoto katika nchi ya pili kwa mapumziko tu.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Baba anataka mlima. Watoto wanataka bahari. Mama anauliza nani atabaki na mbuzi, na bibi mzaa baba haulizwi kitu, ingawa naye yumo katika hesabu ya familia. Nimesikia ubishi huo katika nyumba kadhaa hapa kwetu, nami nimeona unastahili kuandikiwa, kwa sababu ndani yake mna mambo makubwa kuliko mchanga mweupe na theluji.

Kwanza tutazame tunatoka wapi. Oltepesi iko chini, katika Bonde la Ufa, kando ya barabara ya Magadi. Ni nchi ya joto, vumbi na migunga. Jina lenyewe ni la mgunga. Maji tunayoyajua ni ya kisima na ya bwawa. Ziwa letu la Magadi ni zuri kwa macho, lakini ni la magadi kweli, si la kuogelea. Mtoto wa hapa hajaona wimbi la bahari, wala hajaamka asubuhi akakuta ukungu mlangoni. Kwa hiyo pwani na mlima vyote viwili ni vigeni kwake, na kila kimoja kina haki ya kutamaniwa.

Wala kusafiri si desturi ya kuazima. Pale Olorgesailie, jirani zetu, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe tangu mwaka 1942, wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba watu wa zaidi ya miaka 300,000 iliyopita walikuwa wakitumia mawe yaliyotoka mbali, mengine kiasi cha kilomita 90. Basi mkazi wa bonde hili alikuwa na habari za mbali kabla ya kuwapo mpaka, forodha na pasipoti.

MPAKA

Mpaka wenyewe tuujue. Mstari unaopita kusini mwa wilaya zetu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Ulikata nchi ya Wamaasai vipande viwili, na ulipofika Kilimanjaro ukapinda, mlima ukabaki upande wa Wajerumani. Matokeo yake ni haya: mtu wa Loitokitok huamka kila siku akautazama mlima ule bure, lakini akitaka kuukanyaga kileleni lazima aende nchi ya nje. Wazee huuita Oldoinyo Oibor, yaani Mlima Mweupe. Hawakuupa jina la nchi yoyote.

Utalii nao umewahi kuwagombanisha majirani hawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka mwezi wa Februari, na ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Moja ya malalamiko ya Tanzania lilikuwa kwamba watalii walifikia Nairobi, wakapanda magari ya Nairobi, wakaenda Serengeti kutazama wanyama na kurudi kulala Kenya; fedha zikabaki huku, vumbi likabaki kule. Ugomvi ule haujafa kabisa. Njia ya Bologonja, kati ya Serengeti na Masai Mara, haijafunguliwa kwa watalii tangu wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 2014 Kenya ilikataza magari ya Tanzania kuchukua watalii katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Mwezi Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za ndege za Kenya, mpaka marais wawili walipokutana wakasuluhisha.

Nayasema hayo kwa sababu ugomvi wote ulihusu mgeni wa ng'ambo na dola zake. Familia ya Kajiado inayotaka kuvuka na chakula chake kikapuni haikuwa katika hesabu ya mtu. Kweli, Desemba 2018 Namanga ilifunguliwa rasmi kama kituo kimoja cha pamoja, na msafiri sasa hapangi foleni katika nchi mbili. Kweli pia kwamba mwaka 2021 Jumuiya ilianzisha kampeni ya kuwahimiza wananchi wake watembeleane, ikaiita Tembea Nyumbani. Lakini tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho tu, na Tanzania haikuingia katika mpango huo. Anayepita Namanga anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mwenye gari anahitaji kibali cha gari na bima ya kadi ya njano. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hapati hati yoyote, na katika maboma yetu watoto wa namna hiyo si wachache. Nyumbani gani huko kunakobishwa hodi kwa karatasi nne?

MLIMA

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Wanaotaka mlima, wengi wao wanawaza Kilimanjaro, mita 5,895, mrefu kuliko milima yote ya Afrika. Fahari yake haina kifani. Lakini yafaa baba ajiulize: nani katika nyumba atafika juu? Upandaji huchukua siku tano au zaidi, lazima uwe na kiongozi, na mtoto aliye chini ya miaka kumi haruhusiwi kwenda kileleni. Bibi hatapanda. Mama mwenye mtoto mgongoni hatapanda. Kwa hiyo likizo ya familia inageuka kuwa likizo ya baba na kijana mmoja, wengine wakikaa chini wakihesabu siku. Hiyo ni safari ya shujaa, nami siidharau, lakini tusiiite ya familia.

Ipo hoja moja nzito ya kutaka mlima mapema. Barafu ya Kilimanjaro inakwisha. Tangu mwaka 1912 hadi karibu mwaka 2011 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika huenda zikatoweka kabla ya mwaka 2050. Mtoto aliye darasa la kwanza leo huenda akawa mzazi wa mtoto asiyejua kwa nini mlima uliitwa mweupe. Hata hivyo weupe huo unaonekana vizuri kutoka chini, na hauhitaji kupandwa ili uonekane.

Isitoshe, mlima si kilele peke yake. Mlima ni ubavu wake. Ukikaa Marangu au Machame utaona migomba, kahawa, na mifereji ambayo Wachaga waliichimba kuyagawa maji tangu enzi za mababu. Mfugaji wa Oltepesi, ambaye katika ukame mkali uliokosesha mvua misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020 aliwatazama ng'ombe wake wakianguka mmoja mmoja, ana somo kubwa pale kuliko kileleni. Ukienda mbele, ukipanda kutoka Mombo mpaka Lushoto katika milima ya Usambara, utafika mahali ambapo Wajerumani walipafanya pa kukimbilia joto. Baridi ile, mboga zile, na miti ya Magamba, bibi na mjukuu wanaweza kuvifurahia siku moja.

Nao wazee wetu wana mlima wao. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu, uko kusini mwa Ziwa Natron, si mbali na Magadi. Bado una moto tumboni. Julai 2007 mitetemeko iliyotoka huko ilisikika mpaka Nairobi. Mkiwa mnapanga safari, mwulizeni bibi angependa kuona nini kabla hajafumba macho. Msishangae akiutaja huo, wala msishangae akitaja bahari.

PWANI

Upande wa bahari, jina linalotajwa kwanza ni Unguja. Mji Mkongwe uliwekwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na hapana shaka unastahili. Lakini tusidanganyane: kisiwa kile kimejengewa hoteli nyingi zinazopanga bei kwa kumtazama mgeni wa Ulaya, na mwenye watoto wanne atahesabu nauli ya boti mara sita. Wengine huenda kwa sababu jirani alikwenda, wakarudi na picha pamoja na deni. Atakayekwenda aulize mapema bei ya mgeni na bei ya mwenyeji, maana si moja.

Lakini pwani nayo si hoteli. Ni mvuvi anayerudi alfajiri, ni madau, ni sokoni, ni adabu ya kusalimiana. Na kwetu sisi tunaosoma gazeti la Kiswahili, ni lugha. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kabla ya mwaka 1930. Tanga ndiyo nchi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Mtoto wa Kitengela, ambaye nyumbani huzungumza lugha tatu zilizochanganywa katika sungura mmoja wa maneno, akikaa wiki moja Tanga akamsikia muuza mihogo akizungumza, atajifunza kitu ambacho mwalimu hawezi kukichora ubaoni.

Majira nayo yazingatiwe. Mwezi wa Agosti kusi huvuma na pwani hupoa, wakati milimani ni baridi kali kwa mtoto aliyezoea jua la bondeni. Mwezi wa Desemba ni kaskazi. Pwani ni joto na bei hupanda, lakini Lushoto hewa ni tamu, mradi ujikinge na masalia ya mvua za vuli.

NJIA MOJA

Baada ya kuyapima hayo yote, msimamo wangu ni huu. Anayechagua kati ya pwani na mlima kama vitu viwili vinavyopingana amesahau ramani. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani huyachukua, ukapita Korogwe, ukayamwaga katika Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani. Misafara ya karne ya 19 ilipanda kwa njia za upande huo huo, kutoka Pangani mpaka mlimani na nchi ya Wamaasai. Watu wa pwani walikuja kwetu kwa miguu. Sisi tunashindwaje kuwafuata kwa basi?

Familia ya Oltepesi haina haja ya kupita Nairobi. Ipande Kiserian, ikate kwenda Isinya, ishuke Kajiado na Bisil mpaka Namanga, kisha Longido, Arusha na Moshi. Ilale usiku mbili ubavuni mwa mlima. Iendelee Same na Mombo, ipande Lushoto ikiwa mfuko unaruhusu, halafu iteremke Tanga na kumalizia Pangani. Ni safari ndefu, lakini kila mmoja anapata fungu lake, na fedha zinaingia kwa mama ntilie na kwa mwenye gesti ndogo, si kwa tajiri asiyejulikana.

Na ikiwa fedha zinatosha kwa mahali pamoja tu? Basi safari ipimwe kwa yule asiyeweza kwenda haraka. Ikiwa bibi na kitinda mimba wanaweza kufurahia ubavu wa mlima, nendeni mlimani. Ikiwa miguu ya bibi haitaki miteremko, nendeni pwani, mkamkalishe kivulini atazame maji. Jirani yangu mmoja alisema, "Baba watoto, ng'ombe dume aliyeuzwa ni wa nyumba nzima, si wa miguu yako peke yako." Mama yule alimaliza ubishi.

Wakubwa wetu nao wanalo jukumu. Msukosuko wa uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025, uliofika mpaka Namanga yenyewe, ulitukumbusha jinsi njia hii inavyoweza kuziba. Amani ya mpaka hailindwi na askari peke yao. Hulindwa pia na watu waliowahi kula pamoja. Nchi ambazo watoto wao wameogelea bahari moja na kulala chini ya mlima mmoja hazitagombana kwa urahisi kwa ajili ya magari ya watalii. Kama Tembea Nyumbani ni maneno ya kweli, basi kitambulisho kitoshe Namanga kama kinavyotosha kwingine, na vyeti vya kuzaliwa viwafuate watoto mabomani badala ya watoto kuvifuata mjini. Mpaka hapo, wazazi wasingoje Desemba kuanza kushughulikia karatasi. Watafute vyeti hivyo sasa, kisha ndipo wakae na kubishana juu ya bahari na mlima.