Ng'ombe wa Jirani na Chai Yetu

Ndugu wananchi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo asubuhi mmekunywa chai ya maziwa? Basi neno hili linawahusu, hata wale ambao hawajawahi kushika kamba ya ng'ombe.

Kutoka Mtongwe hadi Mwakirunge wapo wenzetu wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Mfugaji anakata nepia alfajiri, ng'ombe anashiba, analala anacheua, lakini jioni ndoo haifiki nusu. Kakosa nini? Majani anayo. Mara nyingi alichokosa ni protini.

Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe mna wapangaji, vijidudu visivyohesabika. Wao ndio wanaoyavunja majani. Wapangaji hawa wasipopata protini, kazi inalala, majani yanakaa tumboni, na mnyama hana hamu ya kula zaidi. Ndiyo maana unaweza kumjazia hori mpaka juu na bado akakonda.

Tupige hesabu kidogo. Lita moja ya maziwa ina gramu 30 na ushei za protini. Anayetoa lita 10 anatoa zaidi ya gramu 300 kila siku. Zitatoka wapi? Ukiondoa maji, chakula cha ng'ombe wa maziwa hufaa kiwe na protini ya asilimia 14 hadi 16. Nepia ikishampita mtu kichwa haifiki hata 8. Ikateni ingali changa, ikifika kifuani basi.

Jibu lipo karibu. Watafiti wa Mtwapa, hapo ng'ambo tu ya Shanzu, walilifanyia kazi jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: ng'ombe waliopewa nepia pamoja na majani ya mti wa lukina waliongeza maziwa. Majani ya lukina yana protini zaidi ya asilimia 20, na mti wenyewe haudai shamba. Una ua wa nyumba? Hapo panatosha. Ila lukina isizidi thuluthi ya chakula, kwani ikizidi huleta madhara, hata manyoya hunyonyoka.

Na nyinyi mama zetu wa soko la Kongowea, yale marando, maganda ya kunde na majani ya kabichi yanayobaki jioni, je, hayawezi kuwekwa kando kwenye gunia moja? Mfugaji atalifuata mwenyewe. Tafadhali tu, yasichanganyike na plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini vipande bado vinazagaa, na ng'ombe akivimeza havitoki.

Wapika mahamri na wali wa nazi wataniuliza, na machicha? Tunzeni, ng'ombe huyapenda. Lakini machicha si mashudu. Machicha yana mafuta na nyuzi nyingi, protini kidogo. Mashudu ya nazi, yanayobaki mafuta yakikamuliwa kinuni, hufika kama asilimia 20.

Hapa naomba tutulie kidogo. Pwani yetu ina joto na unyevu, na mashudu hushika ukungu upesi. Ukungu huo unaweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini, nayo hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa. Kuyachemsha hakuiondoi. Muuzaji, pandisha magunia juu ya mbao, yasilale sakafuni. Mnunuzi, nusa kabla hujalipa.

Tena protini si ya kumwaga. Ikizidi, mnyama huitoa kwenye mkojo, na banda likaanza kuwasha macho. Majirani wanaolalamikia harufu huenda wanavuta pesa za mfugaji puani!

Maji je? Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji. Katika joto hili, ndoo ya maji isikauke mchana kutwa, na chakula kingi kitolewe alfajiri na usiku, wakati ng'ombe ana hamu.

Na kwa atakayetaka kupanda ile lukina, mbegu zake zina ganda gumu. Zitie kwenye maji ya moto dakika chache, zilale kwenye maji baridi usiku mmoja, uzipande masika yakianza. Aliye nazo, hawezi kumpelekea jirani konzi moja?