Spageti za kamba kwa tui: Chakula cha nusu saa, ila jua kwanza nani anakula

MIONGONI mwa maswali yanayorudi mara kwa mara kwenye safu hii ni hili: mzazi anayefika nyumbani saa 12 jioni apike nini kitakachoiva kabla watoto hawajasinzia kwenye kochi, na kisiwe chipsi za kununua?

Jibu langu wiki hii ni spageti za kamba kwenye tui zito. Kwenye migahawa ya ufukweni sahani ya namna hii huletwa ikiwa na krimu ya maziwa na jina la Kiitaliano, na bei yake humfanya baba aagize soda tu. Nyumbani haina ugumu wowote. Krimu tunayo tangu enzi za bibi zetu, inaitwa tui. Na kamba huiva haraka kuliko karibu kila kitoweo unachokijua: dakika tatu hadi nne, basi.

Kwa afya ya familia, kamba wana mengi mazuri. Gramu 100 za kamba waliopikwa zina zaidi ya gramu 20 za protini na mafuta kidogo sana. Wana pia vitamini B12, zinki na madini joto. Wapo wanaowaogopa kwa sababu ya kolesteroli, na ni kweli wanayo. Lakini kinachopandisha zaidi kolesteroli ya damu kwa watu wengi ni mafuta yale yanayoganda, na kamba wanayo kidogo mno. Kwenye sahani hii mafuta hayo yanatoka kwenye tui, ndiyo maana utaona hapa chini nimelipunguza kwa kulichanganya na tui la pili na maji ya tambi.

Jambo moja tu nakuomba: kama ndani ya nyumba kuna mtoto ambaye hajawahi kula kamba, au mgeni wa mtoto wako atakula nanyi, soma hadi mwisho kabla hujawasha jiko.

Kununua na kutunza

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, asubuhi ni wakati mzuri wa kwenda Soko la Samaki Feri. Kamba wengi wanaoliwa mjini hutoka Pwani yetu hii hii, hasa kwenye mikoko ya Rufiji, Bagamoyo na Mafia. Walio mbali na bahari watawapata waliogandishwa kwenye maduka makubwa.

Kamba mzuri ana ganda gumu linalong'aa, kichwa kimeshika mwili, na ananukia bahari. Kichwa kikilegea na kuwa cheusi, mwili ukiteleza, au ukisikia harufu kali inayochoma pua, waache. Muuzaji akikwambia harufu hiyo itaisha kwa ndimu, muage kwa heshima. Ndimu hubadilisha harufu, haimrudishi kamba aliyeanza kuoza kuwa mzima.

Nenda sokoni na ndoo yenye mfuniko, nunua na barafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa vijidudu huongezeka kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na 60. Mchana wa Dar es Salaam wa nyuzi 30 upo hapo hapo. Foleni ya saa mbili na kamba kwenye mfuko miguuni si jambo la kuchukulia kirahisi.

Ukifika nyumbani wamenye, toa ule mstari mweusi wa mgongoni (ndiyo utumbo, na mara nyingi una mchanga), osha, kisha gawa kwenye vifungashio vya mlo mmoja mmoja na ugandishe. Hapo ndipo siri ya kupika haraka siku ya kazi ilipo. Asubuhi ya siku ya kupika, hamisha kifungashio kimoja kutoka kwenye friza kwenda sehemu ya chini ya friji. Ukisahau, kiweke kikiwa kimefungwa ndani ya maji ya baridi kwa nusu saa hivi. Usiwaache kamba mezani tangu mchana wakisubiri jioni.

Umeme ukikatika, usifungue fungue. Friza lililojaa na kufungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 48, lililojaa nusu saa 24. Friji la kawaida ni saa nne tu. Kamba walioyeyuka wakakaa kwenye joto zaidi ya saa mbili ni wa kutupa, hata kama roho inauma.

Mahitaji

Hiki ni kipimo cha watu wazima wawili na watoto wawili:

- Spageti pakiti moja ya gramu 400
- Kamba waliomenywa gramu 300 (nunua takriban gramu 600 wakiwa na maganda na vichwa)
- Tui zito kikombe kimoja na tui la pili nusu kikombe (nazi moja kubwa inatosha)
- Kitunguu maji kimoja na punje nne za kitunguu swaumu
- Karoti moja, pilipili hoho moja, nyanya moja
- Mafuta ya kupikia vijiko viwili vya chakula
- Ndimu nusu, kotmiri, pilipili manga na chumvi kidogo

Kama huna muda wa kukuna, nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni au tui la pakiti linafaa. Anayetaka maziwa akaange unga wa ngano kijiko kimoja na nusu cha chakula kwenye siagi, kisha amimine maziwa kikombe kimoja na nusu kidogo kidogo huku akikoroga.

Namna ya kupika

1. Bandika maji lita tatu hadi nne yenye chumvi kidogo. Wakati yanachemka, katakata viungo vyako na ukaushe kamba kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Kamba wenye maji hawakaangiki, wanachemka.

2. Maji yakichemka weka spageti. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi ni 8 hadi 11. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha yale maji na ukiweke pembeni. Yana wanga utakaosaidia mchuzi kushikana na tambi bila kuongeza tui.

3. Huku tambi zikiendelea, pasha mafuta kwenye kikaango kikubwa. Panga kamba bila kuwarundika, kila upande dakika moja na nusu. Rangi ya kijivu ikigeuka kuwa ya waridi inayoelekea chungwa, na nyama ikawa nyeupe hadi katikati, wameiva. Kamba aliyeiva vizuri hujikunja kama herufi C. Akijikunja hadi kuwa O, umempitiliza na atakuwa mgumu kama mpira. Waweke kwenye sahani safi, si ile uliyowekea wabichi.

4. Kwenye kikaango hicho hicho kaanga kitunguu maji, kitunguu swaumu, karoti na hoho kwa dakika tatu, kisha nyanya hadi ilainike. Mimina tui la pili, liache lichemke. Punguza moto, weka tui zito na ukoroge taratibu bila kuacha. Moto ukiwa mkali tui hukatika, mafuta yakaelea juu na mchuzi ukawa kama maziwa yaliyoganda.

5. Ingiza spageti, rudisha kamba, ongeza maji ya tambi kidogo kidogo hadi mchuzi uwe mzito kama unavyopenda. Geuza kwa dakika moja au mbili. Zima jiko, ndipo ukamulie ndimu na kunyunyizia kotmiri na pilipili manga. Ndimu ikiingia mapema nayo hulikata tui.

Maganda na vichwa vya kamba freshi usivitupe. Vichemshe dakika kumi, chuja, na supu hiyo utumie badala ya tui la pili.

Kwa watoto wadogo katakata kamba vipande vidogo na tambi ziwe fupi, kwa sababu kamba mzima huweza kumkaba. Mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza baada ya miezi sita mtolee sehemu yake laini, isiyo na chumvi wala pilipili, na kamba wake waive kabisa.

Mtoto anapokula kamba kwa mara ya kwanza

Kamba wako kwenye orodha fupi ya vyakula vinavyoongoza duniani kwa kusababisha mzio, pamoja na karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano na soya. Kinachosumbua ni protini iliyomo kwenye nyama yao, na protini hiyo haiharibiki kwa moto. Kwa hiyo kumpika kamba sana hakumsaidii mwenye mzio. Mzio huu unaweza kuanza utotoni au ukubwani, hata kwa mtu aliyewahi kula kamba bila shida, na mara nyingi ukishaanza hauondoki.

Kama ni mara ya kwanza, mpe kipande kidogo mchana, si usiku kabla ya kulala. Siku hiyo usimwanzishie chakula kingine kipya, ili likitokea jambo ujue limetokana na nini. Kisha mwangalie. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kuharisha, tumbo kuuma.

Mtoto akianza kupumua kwa shida, kukoroma au kukohoa mfululizo, sauti ikibadilika, ulimi ukivimba, au akilegea na kuzimia, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali wakati huo huo, kwa bodaboda au gari lolote lililo karibu. Tiba yake ni sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani. Usipoteze muda kumnywesha maziwa, maji ya mkaa au mafuta. Vidonge vya mzio vya duka la dawa hupunguza kuwashwa tu, havifungui njia ya hewa. Mlaze na kumwinua miguu. Kama anahangaika kupumua, mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza.

Hata kama ilikuwa mabaka tu yakaisha yenyewe, usijaribu tena nyumbani ili kuhakikisha. Andika alikula nini, kiasi gani, na dalili zilianza baada ya muda gani, kisha mpeleke kwa daktari na maelezo hayo. Mpaka hapo aepuke pia kaa na kamba kochi, maana wengi wanaodhurika na kamba hudhurika na hao. Kuhusu ngisi na pweza, muulize daktari kwanza. Samaki ni kundi jingine, na wengi wenye mzio wa kamba hula samaki bila tatizo.

"Mpe kidogo, atazoea"

Kauli hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu husemwa na watu wanaompenda mtoto: bibi, shangazi, jirani. Kwao, mtoto anayekatazwa kamba anadekezwa. Wanamwekea kijiko kimoja mama akiwa hayupo.

Mzio si kuchagua chakula. Mtoto hauzoei kwa kuonjeshwa kwenye sahani ya sikukuu, na aliyepata mabaka mara ya kwanza anaweza kukosa hewa mara ya pili. Kwa heshima zote za ukwe na ujirani, hapa mzazi asione haya kusema hapana.

Mweleze dada wa kazi kwa maneno mepesi: mtoto huyu hali kamba, uduvi, wala mchuzi uliopikiwa kamba, na mwiko uliokoroga mchuzi wa kamba haukorogi chakula chake kabla ya kuoshwa. Mafuta yaliyokaangia kamba yasikaange chipsi zake. Mwalimu aambiwe, na mama wa rafiki yake aambiwe kabla ya sherehe ya kuzaliwa. Nawe ukipokea watoto wa wenzako, piga simu ya dakika moja: "Kuna chakula kinachomdhuru?"

Kwa nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, mapishi haya haya yanakubali kidari cha kuku kilichokatwa vipande vyembamba. Kikaange dakika sita hadi nane, hadi ndani pasiwe na rangi ya waridi. Tui, tambi na ndimu vinabaki vile vile.

Na kama kuna kiporo, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kiliwe kesho yake, kikiwa kimepashwa hadi kitoe mvuke kote. Kisiwe chakula cha kubeba shuleni, kwani kikikaa kwenye begi tangu saa 12 asubuhi hadi mapumziko kitakuwa kimeshaanza kuharibika.

Tukutane wiki ijayo.