Kalenga ina ikulu, Kitulo ina maua
Na Mwana Nyanda

Mwongoza wageni wa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa Córdoba. Katika mji huo wa Hispania, watalii huingia Palacio de Viana, jumba la kale la makabaila lenye nyua 12 zilizosheheni maua. Mwongozaji akinyoosha mkono, mgeni keshaona. Wa Kalenga hana cha kunyooshea mkono. Ngome ya Lipuli, makao ya Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, ilivunjwa na mizinga ya Wajerumani wa Tom von Prince tarehe 30 Oktoba 1894. Ukuta ule wa mawe inabidi ausimamishe upya kwa maneno.

Na maneno yenyewe yamejaa vifo. Kuna Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Emil von Zelewski alipouawa na kikosi chake kuvunjwavunjwa. Kuna Mlambalasi, ambako Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kisha fuvu lake: likapelekwa Ujerumani, likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, na hatimaye likarudishwa na Gavana Edward Twining tarehe 19 Juni 1954. Limo ndani ya makumbusho ya Kalenga hadi leo.

Ni historia ya kujivunia, hakuna ubishi. Lakini Lipuli ilikuwa pia makazi ya watu. Walilima nini? Wageni wa Mtwa walikaribishwa wapi? Wake na watoto walishindaje siku ya mvua? Mgeni anaweza kuondoka akijua zaidi Mkwawa alivyokufa kuliko alivyoishi.

Sasa tugeukie Mbeya na Njombe. Ukiiacha barabara kuu pale Chimala na kuupanda mlima wenye kona zisizokwisha kuelekea Matamba, unatokea Kitulo, uwanda wa juu ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na sababu kuu ilikuwa maua. Zipo aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake okidi zinazoota ardhini. Mvua zikishika, kuanzia Novemba hadi Aprili, nyasi zinageuka njano, nyekundu na zambarau.

Kalenga na Kitulo viko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, lakini kila kimoja kinaishi kivyake. Hapo ndipo safu hii inapotia neno: uwanja wa makumbusho ya Kalenga upandwe maua ya Nyanda za Juu, ua baada ya ua kama nyua za Córdoba, na kila ua usimulie upande mmoja wa maisha ya Lipuli: shamba, mifugo, baraza la Mtwa, jiko. Wataalamu hawako mbali. Chuo Kikuu cha Iringa kilishiriki kuligeuza boma la Wajerumani pale mjini kuwa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2016.

Watatokea wa kuuliza kama Mkwawa alikuwa na bustani za Kihispania. Hakuwa nazo, na kibao mlangoni kiseme wazi kwamba bustani ni ya leo. Sharti jingine ni kubwa zaidi: mche usichimbwe Kitulo. Okidi za huko zimeshaumizwa vya kutosha na wachimbaji wa viazi vyake vinavyovushwa kwenda Zambia kupikiwa chikanda. Miche ioteshwe kitaluni, na akina mama wa Kalenga wapewe kazi hiyo kwa malipo.

Faida iko kwenye kalenda. Watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambao njia yao inapita jirani na Kalenga, hufurika kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Maua huchanua wageni wakiwa wachache, kwa hiyo yangewavuta msimu huo. Wala kukosa jumba si kikwazo: Córdoba haikutegemea majumba ya matajiri peke yake. Sherehe yake ya nyua, iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2012, hufanyika hasa kwenye nyumba za watu wa kawaida.

Wakuu wa mikoa ya Iringa, Mbeya na Njombe wanaweza kukaa meza moja na wizara kabla ya mvua zijazo. Waanze na kitalu kimoja, maelezo mapya ya waongozaji, na tiketi moja ya Kalenga na Kitulo.